Siku Ubao wa Dutwa Ulipokuwa Mtupu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipitia karakana ya mafundi wa mikokoteni, pale Dutwa, kuandika ubao. Nilipewa kazi hiyo nikiwa darasa la nne, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka hadi barabarani. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, ukatundikwa kwenye ukuta wa nje. Chaki hatukuwa nayo. Niliandika kwa kipande cha muhogo mkavu.

Tatizo la muhogo ni mbuzi. Mistari yote ya chini waliilamba. Yakobo ndiye aliyenifundisha kugeuza kinu kuukuu, kusimama juu yake na kuandika pale ambapo mbuzi hafiki hata akisimama kwa miguu miwili.

"Panda juu, Jenipha," aliniambia. "Usiwape mbuzi elimu ya bure."

Yakobo alikuwa na miaka kumi na minane, mtoto pekee wa Mektilda, tuliyemwita mayu, yaani mama. Aliendesha mkokoteni wa ng'ombe, akibeba pamba kutoka vijijini kuja kwa wanunuzi. Kila asubuhi, kabla ya kuwafunga ng'ombe nira, alisimama mbele ya ubao akausoma wote huku midomo yake ikitembea. Wenzake walimtania kwamba amerudi darasa la kwanza. Yeye alisoma tu, kisha akaenda kukagua mkokoteni wake kufuatana na alichosoma.

Mkokoteni wetu haukuwa mali ya fundi mmoja. Fundi Boniventura aliuchora mara ya kwanza kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akasema anayetaka aje achukue vipimo, akatengeneze wake. Mafundi walikuja kutoka Migato na hata Mkula. Hakumtoza mtu kitu. Sharti lake lilikuwa moja: ukigundua ubovu, au njia bora zaidi, leta habari ubaoni, ili kila mwenye mkokoteni wa namna ile ajue. Kando ya ubao ilining'inia rimu ya lori. Kikiandikwa kitu kipya, rimu iligongwa mara tatu kwa nyundo. Hapo kila aliyesikia aliacha alichoshika, akaja kusoma, na asiyejua kusoma akasomewa.

Mwaka huo ulikuwa 1995, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki mbili baada ya msimu wa pamba kuanza, fundi Luhaga alikuja kutoka Migato na baiskeli yake. Luhaga alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa ameona magurudumu ya fundi Ngeleja yakiyumba, akaniambia niandike.

"Niandikeje, baba mdogo?"

"Andika hivi: Magurudumu ya Ngeleja yanalewa kuliko mwenyewe."

Nilicheka, nikaandika. Niligonga rimu mara tatu. Watu wakaja, wakasoma, wakacheka hadi kushika mbavu. Kisha Ngeleja akafika.

Ngeleja alisoma ubao mara moja. Alimpiga Luhaga ngumi ya mdomo, na jino la Luhaga likaangukia kwenye maranda. Luhaga akaokota kipande cha mbao ya msonobari, akakirusha. Fundi Boniventura aliingia katikati kuwaamua, na kipande kile kikampasua juu ya jicho. Damu ilimwagika shingoni na kulowesha shati. Walipotenganishwa, Luhaga alikuwa anatapika, na Ngeleja alikuwa amekabwa na watu wanne.

Fundi Boniventura alijifunga kitambaa kichwani, akanirudia mimi.

"Jenipha, gurudumu lilikuwa bovu kweli?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi andika gurudumu. Usiandike mtu."

Hilo ndilo alilosema yeye. Baba yangu, fundi Januarius, aliondoka pale na wazo jingine kabisa. Tulipokuwa tunakula jioni alisema, "Ubao ule utatuua. Mambo ya mafundi yazungumzwe mtu na mtu, kimya kimya. Kwani sisi ni matangazo ya sinema?"

Niliona anasema kweli. Nilikuwa nimeliona lile jino.

Baba alikuwa na sababu ya kuogopa ubao. Mwaka uliotangulia, bolti zilipokuwa hazipatikani, alibuni pini ya kukata kwenye nondo. Pini ni kipande kidogo cha chuma kinachopenya mwisho wa ekseli na kuzuia gurudumu lisichomoke. Wazo lake liliandikwa ubaoni, mafundi wote wakalichukua. Kwa muda mrefu watu walipita wakimwambia, "Januarius, umetuokoa." Baba alilipenda neno hilo.

Lakini mambo yalikuwa yanabadilika. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na ilingoja zamu yake. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu makampuni binafsi, na kila kampuni ilitaka pamba ifike kwake kwanza. Mikokoteni iliyobeba magunia manane ikaanza kubeba kumi na manne. Karani wa kampuni moja alipita akasema atarudi Jumatatu kuchagua fundi mmoja tu, wa kuwatengenezea mikokoteni ya msimu mzima. Kuanzia siku hiyo mafundi waliokuwa wakiazimana misumeno walianza kufunika kazi zao kwa turubai.

Alhamisi, nikitoka shule, nilimkuta Luhaga barabarani. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Hakutaka kufika karakana. Alinipa barua iliyokunjwa mara nne.

"Mpe baba yako mkononi," alisema. "Hii si ya ubaoni. Mimi na ubao basi."

Baba alisoma polepole, kwa hiyo alinipa nimsomee. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Kaka Januarius, salaam. Pini zako za nondo zinakatika penye tundu mzigo ukizidi magunia kumi. Mimi zimekatika tatu, bahati nzuri ilikuwa tambarare. Sikutaka kukuaibisha mbele za watu kama nilivyomwaibisha Ngeleja. Utajua la kufanya. Ni mimi Luhaga."

Mwisho alikuwa amechora pini, na alama ya mahali inapokatika.

Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, ukatoa muhogo.

"Niende nikaandike, baba?"

"Ukaandike nini?"

"Kwamba pini zinakatika. Niandike pini, nisiandike mtu."

Baba aliuchukua ule muhogo mkononi mwangu. Hakunipigia kelele. "Karani anakuja Jumatatu," alisema. "Akikuta jambo hili ubaoni, atamchagua nani? Luhaga amenipa heshima, ameniambia pembeni. Na mimi nitawaambia wenzangu pembeni, mmoja mmoja. Wewe choma hiyo barua."

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilisimama mbele ya mafiga, barua mkononi, na sikuweza kuitia motoni. Niliichomeka ndani ya daftari langu la hesabu.

Ijumaa baba alitoa pini za nondo kwenye mikokoteni yake minne, akatia bolti. Nilimsikia akimwambia fundi mmoja wa Mkula aliyekuwa anapita. Fundi Boniventura hakumwambia, ingawa karakana zao zilitenganishwa na ukuta wa matete tu. Nadhani alipanga kumwambia Jumatatu jioni. Sikumuuliza wakati ule, na baadaye haikuwa na maana kumuuliza.

Jumamosi asubuhi nilifika ubaoni nikiwa na muhogo mwingine, na mfuko wa shule begani, kwa sababu sikutaka kuiacha ile barua nyumbani. Hapakuwa na kitu cha kuandika. Nilifuta vumbi, nikabaki nimesimama juu ya kinu.

Yakobo akaja na ng'ombe wake wawili. Mkokoteni wake ulitengenezwa na fundi Boniventura, na pini zake zilikuwa za nondo.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimia kwa utani.

"Mwangaluka."

Alisimama mbele ya ubao. Alianza juu kabisa, akashuka taratibu hadi chini, kama kawaida yake, ingawa hapakuwa na hata herufi moja.

"Leo kimya, eh?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno yote kichwani, na muhogo nilikuwa nao mkononi. Niliona jino la Luhaga kwenye maranda. Niliona uso wa baba.

"Kimya," nilisema.

"Basi mambo ni mazuri," alisema Yakobo. Akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka. Nilihesabu magunia juu ya mkokoteni. Yalikuwa kumi na manne.

Jua lilikuwa halijapanda sana niliposikia mwano. Mwano ni ile sauti ya kuita msaada. Ukiisikia, hata kama unanyonyesha, unakimbia. Ilitoka kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Nilikimbia pamoja na watu wengine, na njiani nilikuwa nasema moyoni, si yeye, si yeye.

Gurudumu la kulia lilikuwa limechomoka katikati ya mteremko. Mkokoteni ulikuwa umewasukuma ng'ombe, ukawapindua, ukawalalia. Ng'ombe mmoja alikuwa amekufa, shingo imevunjika ndani ya nira. Wa pili alikuwa hai, mguu umegeuka nyuma, na alikuwa analia kwa sauti ambayo sikujua kwamba ng'ombe anayo. Yakobo alikuwa chini ya fremu. Kilichoonekana ni mkono wake tu, bado umeshika fimbo.

Ngeleja, ambaye alikuwa mjomba wake Yakobo, ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa anang'oa magunia na kuyatupa kama mtu aliyerukwa na akili. Gunia moja lilipasuka. Pamba ilimwagika juu ya Yakobo, na pale ilipogusa kifua chake ikageuka nyekundu, taratibu, kuanzia katikati. Wanaume wanane waliinua fremu. Walipomtoa, macho yake yalikuwa wazi, na vumbi lilikuwa juu ya macho, naye hakupepesa.

Ngeleja alimchinja yule ng'ombe aliyekuwa analia. Kisha alipiga magoti kwenye mchanga, akatafuta kwa vidole, akapata kipande cha pini. Kilikuwa kimekatika penye tundu, kama Luhaga alivyochora.

"Nani alitengeneza mkokoteni huu?" aliuliza.

Watu walijua. Waliokota fimbo na mawe, wakageuka kuelekea karakana.

Fundi Boniventura alikuwa ndani, anaranda. Hakuwa amesikia. Walimtoa kwa shati. Ngeleja alimtupia kile kipande usoni.

"Hii ni yako?"

"Ni pini ya nondo," alisema fundi Boniventura. "Ndiyo tuliyokubaliana wote. Kuna nini? Nani ameumia?"

"Yakobo amekufa."

Fundi Boniventura aliketi chini. Mmoja wa vijana akampiga fimbo ya mgongo. Mwingine akapaza sauti, "Na mikokoteni ya Januarius? Hebu tazameni! Ina bolti!"

Watu wakakimbilia upande wa baba. Mikokoteni minne ilikuwa pale, bolti zinang'aa, mpya. Ngeleja alimshika baba ukosi.

"Wewe ulijua. Ulijua, ukabadilisha yako!"

Nilimwona baba akiangalia zile fimbo. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Niliandika ubaoni. Jana, niliandika. Mbuzi watakuwa wamelamba."

Kila mtu Dutwa alijua habari za mbuzi na ubao wetu. Ngeleja akamwachia baba ukosi. Na kwa kuwa sasa iliaminika kwamba habari iliandikwa, ilimaanisha fundi Boniventura aliisoma akaidharau. Hapo kipigo chenyewe kilianza.

Walimpiga mateke ya tumbo. Walimpiga fimbo hadi fimbo zikakatika, wakachukua vipande vya mbao. Kile kidonda cha juu ya jicho kilifunguka upya. Alikuwa anasema, "Sikuona, ndugu zangu, sikuona," na kila aliposema walimpiga mdomoni. Kisha Ngeleja akauvuta mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya fuawe, kile chuma cha kugongea vyuma, akachukua nyundo ya kilo tano.

"Mkono uliomuua Yakobo," alisema.

Akapiga mara moja. Nilisikia mifupa.

Nilipiga kelele kwamba si kweli. Hakuna aliyegeuka. Nani atamsikia mtoto wa darasa la sita kwenye kelele za watu wazima sitini? Ngeleja aliinua nyundo tena, na safari hii hakuwa analenga mkono.

Niliokota nyundo ndogo chini ya ubao, nikagonga rimu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Walikuwa wamezoea mlio ule kwa miaka. Vichwa viligeuka kabla ya mioyo kujua kwa nini vinageuka. Hata Ngeleja aligeuka, nyundo ikiwa bado hewani. Nilikuwa nimeshapanda juu ya kinu. Niliandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na muhogo ulikatika mara mbili mkononi:

HAIKUANDIKWA.

"Mimi ndiye ninayeandika," nilisema. Sasa walikuwa kimya, na sauti yangu ilitosha. "Naandika huku juu. Tazameni. Mbuzi hafiki huku. Jana Ijumaa sikuandika kitu. Leo pia sikuandika. Fundi Boniventura hakuambiwa."

Nilitoa daftari la hesabu kwenye mfuko wa shule, nikaisoma barua ya Luhaga yote, mpaka jina lake. Sikumtazama baba nilipokuwa nasoma. Nilipomaliza nilisema, "Yakobo alisimama hapa asubuhi akasoma ubao. Aliniuliza. Nikamwambia kimya."

Niliogopa kwamba watanipiga. Hawakunipiga. Walimgeukia baba. Jiwe la kwanza lilimpata begani, la pili likampasua sikio, naye hakuinua mikono kujikinga.

Ndipo mayu Mektilda alipofika. Alikuwa ametoka mtoni, kanga yake imelowa damu ya mwanawe. Watu walimpisha. Alitembea mpaka mbele ya Ngeleja, kaka yake, akaichukua nyundo mkononi mwake, akaiangusha chini.

"Mmeshanipa maiti mmoja leo," alisema. "Huyu wa pili mnampeleka kwa mama yupi?"

Fundi Boniventura alisema kitu kutoka pale chini. Meno yake yalikuwa yamevunjika, ikabidi tuiname kumsikia.

"Andikeni," alisema. "Kuna mikokoteni mingine barabarani."

Ilikuwa kweli. Wakati sisi tunamwaga damu pale karakana, mikokoteni kumi na tisa ilikuwa njiani na pamba, na karibu yote ilikuwa na pini zile. Niliandika: PINI YA NONDO HUKATIKA MZIGO UKIZIDI MAGUNIA KUMI. SIMAMENI. TIENI BOLTI. Vijana waliokuwa na fimbo wakazitupa, wakapanda baiskeli. Mmoja akaelekea Migato, mmoja Mkula, wengine njia ya Bariadi. Ngeleja alipanda baiskeli ya Luhaga iliyokuwa imebaki karakana tangu siku ya ugomvi, akakanyaga kama mtu anayefukuzwa.

Hadi jua linazama mikokoteni yote ilikuwa imesimamishwa. Mmoja ambao Ngeleja aliukuta ukikaribia mteremko uleule ulikuwa na watoto watatu wamekaa juu ya magunia. Pini yake ilikuwa imekatika nusu. Walisema Ngeleja aliwashusha wale watoto mmoja mmoja, kisha akaketi pembeni ya barabara akalia kwa sauti.

Tulimzika Yakobo Jumapili mchana. Jumatatu karani wa kampuni alikuja, akatazama, akaondoka bila kumchagua mtu. Polisi wa Bariadi walimchukua Ngeleja na vijana wawili, wakamchukua na baba. Baba alikaa mahabusu wiki tatu. Aliporudi alikuwa amekonda, na sikio lake lilikuwa na kovu. Alioga, akabadilisha shati, akaenda kwa fundi Boniventura kabla hata hajala.

Nilimfuata. Fundi Boniventura alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba vidole vitatu havitakunja tena. Baba alipiga magoti.

"Kaka, nimekuja."

"Nimekuona."

"Sina la kusema."

"Lipo," alisema fundi Boniventura, akaelekeza ubao kwa kidevu. "Lakini si kwangu peke yangu."

Nilimpa baba muhogo, nikaanza kupanda kinu nimwandikie kama nilivyozoea. Alinishusha. Alipanda yeye. Aliandika polepole, herufi zimelala upande, na ilimchukua muda mrefu hata watu wakaanza kukusanyika: *Pini ya nondo ilikuwa wazo langu. Niliambiwa ni mbovu, nikaficha. Januarius.* Kisha akagonga rimu mwenyewe, mara tatu, akasimama pale watu wakasoma.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyempongeza pia. Mayu Mektilda, ambaye hakujua kusoma, aliniomba nimsomee. Nilimsomea. Akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake.

Luhaga alikuja wiki iliyofuata. Alisimama mbele ya fundi Boniventura, kofia mikononi.

"Nilidhani namfanyia wema kumwambia pembeni," alisema. "Tangu lile jino nilikuwa naogopa kuumiza watu kwa ubao."

Fundi Boniventura alituita karibu, mimi na baba na yeye Luhaga. Aliongea kwa shida kwa sababu ya meno.

"Ubao haukumpiga mtu ngumi," alisema. "Ngumi zilitokana na maneno tuliyoandika kwa dharau. Tulitakiwa kurekebisha maneno. Sisi tukachagua kunyamaza, tukadhani kunyamaza ndiyo upole. Jenipha, sikiliza. Mtu akiwa na ugonjwa, au ameteleza nyumbani kwake, mwite pembeni umwambie taratibu, na usimwambie mwingine. Hilo ni lake. Lakini pini iko kwenye mikokoteni ya watu ishirini. Habari yake si mali ya baba yako, wala ya Luhaga, wala yangu. Ni ya yule atakayepanda mkokoteni kesho asubuhi. Huyo ndiye mwenye haki ya kuisoma, na aisome mapema."

"Hata kama ni baba yangu aliyekosea?" niliuliza.

Fundi Boniventura alimtazama baba. Baba ndiye aliyejibu.

"Hata kama ni baba yako," alisema. "Ningeaibika siku moja. Yakobo angekuwa anakula chakula chake cha mchana sasa hivi."

Tangu hapo baba hakufungua tena karakana yake. Alibomoa ule ukuta wa matete, akafanya kazi upande wa fundi Boniventura. Fundi Boniventura alipima na kuonyesha, baba akapiga nyundo. Walifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, hadi fundi Boniventura alipofariki. Ngeleja alipotoka jela alirudisha baiskeli ya Luhaga ikiwa imesafishwa, na magurudumu yake mwenyewe aliyaleta kukaguliwa mbele ya watu wote kabla ya kuyauza.

Nami niliomba jambo moja, mafundi wakakubali. Ubao usiachwe mtupu tena. Kama kuna ubovu, niandike ubovu. Kama hakuna, nisubiri mafundi wakague kila kitu, kisha niandike: *Tumekagua. Leo hakuna jipya.*

Mayu Mektilda alipita pale kila siku ya gulio akienda kuuza mchele. Alitua mzigo, akasimama mahali aliposimama Yakobo.

"Ng'wanone, mwanangu, leo kumeandikwa nini?"

Nilimsomea mstari kwa mstari, kuanzia juu kabisa hadi chini. Siku nyingine ulikuwa ni mstari mmoja tu.

"Wamekagua kweli?" aliuliza.

"Wamekagua, mayu. Nilikuwepo nikiona."

Ndipo alipoinua mzigo wake, akavuka barabara.